Uzoefu wangu na streti-eji ya chuma ya mita 1, gredi 0: soma kabla hujalipia

Nina miezi minane sasa na hii streti-eji, yaani lile bapa la chuma la kukagulia unyofu, urefu mita 1, kimo milimita 60, gredi 0 ya DIN 874 ambacho ndo kiwango cha Wajerumani. Naandika maana kabla sijanunua nilihangaika sana kuelewa hizi gredi.

Ile niliyokuwa nayo mwanzo ilichongwa "0.02" tu ubavuni, basi. 0.02 kwenye urefu gani? Hakuna. Cheti hakuna. Nilikagua nayo silinda hedi (kile kifuniko cha chuma juu ya injini), nikaipitisha, gasketi inayoziba kati yake na injini ikavuja, tukafungua upya, na mwenye gari amesimama pale pale ananiangalia. Siku hiyo niliumia sana, nikasema sitanunua tena kifaa kisicho na gredi.

Sasa gredi zenyewe. Ziko 00, 0, 1 na 2, namba ikiwa ndogo ndo kifaa kimenyooka zaidi, 00 hiyo waachie maabara. Ila kitu ambacho wengi hatukijui ni kwamba gredi haina namba moja ya kosa, inakwenda na urefu. Gredi 0 unachukua mikroni 2 (mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita) unajumlisha urefu kwa milimita ukigawa kwa 100, gredi 1 ni 4 na urefu kwa 60, gredi 2 ni 8 na urefu kwa 40. Kwa hiyo ya mita 1 gredi 0 inaruhusiwa kukosea mikroni 12, gredi 1 kama 21, gredi 2 inafika 33. Halafu chukua ya milimita 500 gredi 1, piga hesabu, unapata 12 ile ile! Yaani fupi ya gredi ya chini imelingana na ndefu ya gredi ya juu, na mimi nilikuwa nadharau gredi 1 bila sababu.

Kifaa chenyewe kizuri kwa kweli, kingo zimesagwa safi, kimekuja kwenye boksi la mbao na cheti chenye namba ile ile iliyochongwa kwenye chuma (hakikisha zinafanana, usione uvivu). Lakini wiki ya kwanza kidogo nikirudishe. Nilikitoa kwenye boksi nikakishika kwa mikono miwili ukingo wa juu, nikawa naongea na mwenzangu kama dakika kumi hivi kifaa kiko mkononi, kisha nikakisimamisha kwenye meza ya granaiti na tochi nyuma yake. Mwanga ukapita katikati! Kwenye ncha giza, katikati kauzi kembamba cha mwanga. Nikajua nimeuziwa kitu kibovu, nikakiacha pale pale nikaenda kula kwa hasira. Narudi, tochi ile ile, mwanga haupo.

Joto la mikono yangu ndo lililofanya vile. Ukingo wa juu ukipata joto unarefuka kuliko wa chini, bapa linapinda mgongo juu. Nilikuja kukaa na kalamu nikapiga hesabu, kwa kimo cha milimita 60 na urefu wa mita 1, tofauti ya nyuzi 1 tu ya selsiasi kati ya juu na chini inainua katikati karibu mikroni 24. Nyuzi moja! Gredi 0 ishakufa, hata gredi 1 umeipita. Siku hizi navaa glavu, nakiweka juu ya meza nusu saa kizoee ndo naanza kazi, na sikiweki karibu na dirisha lenye jua.

Kingine ni pale pa kukiegemeza. Ukiweka vibao viwili kwenye ncha kabisa, hiki cha kimo cha 60 kinalegea katikati kwa uzito wake wenyewe kama mikroni 16, zaidi ya kosa lote la gredi yake. Ukisogeza vibao ndani, milimita 223 kutoka kila ncha, kule kulegea kunakaribia kuisha. Changu nimekitia alama za wino ubavuni, mbili tu, na yeyote anayekiazima lazima nimwonyeshe kwanza.

Kama kazi yako ni silinda hedi, mita 1 gredi 0 usinunue. Vitabu vingi vya mwongozo wa injini nilivyofungua vinaruhusu hedi ipinde kama milimita 0.05, yaani mikroni 50, ya 500 gredi 1 yenye kosa la 12 inakutosha vizuri na unaishika kirahisi. Gredi 2 ya 500 kosa lake ni kama 20, hiyo kwenye hedi sikushauri, imeshakula karibu nusu ya nafasi yako, lakini kwa kunyoosha fremu za kuchomelea ni safi kabisa. Hii ndefu mimi naihitaji kwa vitanda vya mashine za lethi, zile za kukerezea chuma, huko mikroni 33 za gredi 2 ni nyingi mno.

Nimeipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu kwenye boksi hakuna hata karatasi moja inayosema habari za joto wala za vibao, na mtu akipotea hapo atalaumu chuma cha watu bure. Nimeshaagiza na ya 500 gredi 1 ya kazi za kila siku.