Sacco ya Njoro–Nakuru: gari safi, lakini ukiumia utajijua (nyota 2 kwa 5)

Nimepanda matatu za hii sacco, jina naweka kando, kutoka Njoro hadi tao karibu miaka minne na sitadanganya, gari ni safi, viti havijaraaruka, muziki hautoboi masikio, na fare haipandi ovyo isipokuwa mvua ikinyesha, hapo wote ni ndugu. Hizo ndio nyota mbili. Zile tatu zilianguka na mimi nikishuka.

Siku hiyo mguu mmoja uko chini, mwingine bado uko kwa ngazi, konda akagonga bodi, dere akang'oa. Nikavunjika kifundo cha mkono. Konda ananiambia "pole mathe, shika hii elfu mbili ya dawa tusifikishane mbali", na hapo hapo anatafuta karatasi nisaini. Nikakataa, juu shemeji yangu alisainigi hivyo kwamba amelipwa yote na hakuna mahali alifika tena.

Nikaenda polisi nikapata namba ya OB (kile kitabu chao cha kuandika ripoti), hospitali nikaweka kila risiti, P3, ile fomu ya polisi ya kuonyesha umeumia vipi, ikajazwa, na abstrakti, karatasi ya polisi ya ajali, ikatoka na namba ya gari na kampuni ya bima.

Sasa ofisi ya sacco. Jamaa wa hapo ananiambia eti gari si yetu, iko na mwenyewe, na dere ni wa siku, mtafute yeye. Dere wa siku nitamtoa wapi jameni? Na sheria haiendi hivyo, makosa ya dere akiwa kazini yanamfuata mwenye gari hata kama alikuwa amelala kwake Molo, ndio maana unatoa rekodi ya gari NTSA, wale wa kusajili magari, uone logbuku ina jina la nani, halafu unashtaki wote wawili, dere na mwenye gari. Bima nayo si hiari, Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, inalazimisha, na kampuni ya bima inabanwa kulipa mtu mmoja hadi milioni 3. Usianze kupiga hesabu ya ploti lakini, hiyo ni dari tu, mkono kama wangu hakimu anaupima na mikono ya kesi zingine za nyuma.

Pia watakuuliza ulikuwa umefunga mkanda, uliruka gari ikitembea, ulikubali kukaa sambaza, ile mbao ya katikati ya viti, na ikionekana ulichangia, unakatwa asilimia. Mimi niliokolewa na mama wa mboga aliyekuwa nyuma yangu, alisema wazi gari ilikuwa imesimama, na namba yake ya simu ndio kitu cha maana nilichukua siku hiyo yote. (Wale vijana wanakufuata hadi wodini wakisema wametumwa na wakili, waulize ofisi iko jengo gani, uende mwenyewe.)

Kesi ya kuumia una miaka 3 tangu siku ya ajali kuifungua, na hawa watu wa sacco wanaijua hiyo hesabu vizuri sana, "rudi Jumatatu" ilikuwa haiishi. Jumatatu sita nimerudi. Ya saba nikaenda na barua ya wakili, menija mwenyewe akanivutia kiti na chai ikaletwa, maziwa mengi.

Kesi bado iko kortini hapa Nakuru. Na bado napanda gari zao, nifanyeje, ndizo ziko, lakini siku hizi sinyanyuki kwa kiti mpaka gari isimame kabisa, konda apige kelele vile anataka.