Neoni tetra au koridorasi: nani akae na enjeli?

Wote watatu ni samaki wa mapambo wanaofugwa tangini. Kwa tangi la lita 300 lenye enjeli waliokomaa, mimi nachagua koridorasi.

Uzuri wa neoni hauna ubishi. Kundi lao likikatiza mbele ya mimea, ule mstari wa buluu unawaka kabisa. Shida ni kwamba neoni ni mwembamba, hazidi sana sentimita 4, na huogelea katikati ya maji, palepale enjeli anapotamba. Na enjeli, pamoja na madaha yake yote, ni mwindaji: kinachoenea mdomoni ni chakula. Wapo wanaotanguliza neoni wakubwa kisha wakaleta enjeli wadogo ili wazoeane. Hatari inapungua, haiishi. Halafu enjeli hustawi kwenye nyuzi 26 hadi 28, joto ambalo neoni hawalipendi sana.

Koridorasi anaishi chini, ana magamba magumu ubavuni na miiba kwenye mapezi, kwa hiyo si rahisi kumezwa. Mtazame akila: anazamisha pua mchangani, sharubu zinapapasa, mchanga unatokea kwenye matamvua. Ndiyo maana mwekee mchanga laini. Changarawe yenye ncha huharibu sharubu hizo. Wawe sita au zaidi, na ukipata aina ya sterbai chukua hiyo, inavumilia joto la enjeli vizuri.

Tahadhari moja tu: enjeli wakitaga, koridorasi hula mayai usiku. Ukitaka vifaranga, hamishia mayai tangi lingine.