Gari likivuta kushoto: nililipia alaimenti mara mbili, ugonjwa ulikuwa kwenye breki

Tangu masika yaishe gari langu lilikuwa linavuta kushoto. Halikuwa la kutisha, ila ilibidi niushike usukani muda wote kama namvuta mbuzi aliyegoma njiani. Nikiulegeza kidogo tu, najikuta nawafuata bodaboda pembeni ya barabara. Ni Toyota IST ya 2004, natoka nayo Kibamba kwenda kazini Posta siku tano kwa wiki, na ikifika Ijumaa bega linauma utadhani nimeshinda natwanga kisamvu cha harusi.

Nimezunguka gereji kadhaa kabla ya kupona. Majina siweki. Ukiishi Dar na una gari, za namna hii umeshakutana nazo.

Ya kwanza ina kiyoyozi, sofa, na kioo kikubwa cha kutazama gari lako likiwa juu ya lifti. Kijana wa mapokezi hakuniuliza gari linafanyaje. Nilisema "linavuta kushoto" na kabla sijameza mate akamalizia: "Alaimenti hiyo, dada." Yaani kupima na kurekebisha jinsi magurudumu yanavyokaa. Shilingi 30,000. Wakafunga vile vyombo vyao kwenye magurudumu manne, kompyuta ikaleta namba nyekundu na kijani, fundi akaingia chini na spana, na baada ya dakika ishirini nikakabidhiwa karatasi yenye namba kijani tupu. Ilipendeza kweli. Sikumaliza hata kilomita tano, gari likaanza kuvuta. Juu ya hapo usukani nao ukawa umekaa upande: naenda mbele moja kwa moja, lakini nembo ya Toyota katikati imelala kama abiria anayesinzia kwenye daladala.

Kesho yake asubuhi, Kibamba mpaka Mbezi, likaenda kama mshale. Nikajiambia, kumbe lilikuwa linahitaji kuzoea. Jamani, gari linazoea nini? Nilipofika Ubungo bega lilikuwa limeshaanza kazi yake. Jibu la tatizo lote lilikuwa hapo, na mimi nikalipita.

Gereji ya pili nilikwenda na shemeji, kwa sababu nilidhani ya kwanza wamenionea kwa kuwa ni mwanamke niko peke yangu. Kosa langu. Kila nilichouliza mimi, fundi alikuwa anamjibu shemeji, ambaye gari hajui hata pa kuweka oili. Walitikisa gurudumu wakasema tairodi zimekwisha, vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu ya mbele. Zikanunuliwa mbili, shilingi 70,000 pamoja na ufundi, halafu alaimenti tena 25,000, maana ukigusa tairodi lazima upime upya. Hilo la mwisho ni kweli, siwalaumu. Nilipoomba nizione zile kuukuu nikaambiwa zimeshatupwa. Zimetupwa wapi ndani ya nusu saa? Sikubishana. Usukani ukanyooka kidogo, kuvuta kukabaki palepale.

Kuna siku nilisikia harufu ya kitu kinaungua pale Magomeni. Nikapandisha vioo, nikalilaumu lori la mbele yangu.

Mwenzangu wa ofisini ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja Tabata. Hana bango wala sofa. Ana mwarobaini, benchi, na vijana wawili. Aliniambia nifike saa tatu, yeye akaja saa sita kasoro. Nikamwamkia huku nimenuna, akaitikia, akakaa kwenye benchi, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu akaniuliza kuhusu gari langu.

"Binti, inavuta saa zote, au ukishika breki, au ukikanyaga mafuta?"

Saa zote, nikasema.

"Hata asubuhi ukitoka tu nyumbani?"

Nikanyamaza. Nikakumbuka ule mshale wa Kibamba. Nikamwambia hapana, asubuhi haivuti, inaanza nikishafika kwenye foleni za Kimara na kuendelea. Akatingisha kichwa, akamtuma kijana alete geji ya upepo. Tairi la mbele kushoto lilikuwa na 26, la kulia 33. Mimi nilijaza upepo wiki hiyohiyo kituo cha mafuta! Kumbe geji za vituo vingine ni za kubahatisha. Tairi lenye upepo mdogo huzunguka kwa uzito na gari huelekea upande wake, kwa hiyo hicho kilikuwa kipande cha kwanza. Akayasawazisha kwa namba iliyo kwenye stika ya mlangoni.

Halafu akauliza kama nimewahi kupima alaimenti. Nikamtolea karatasi zangu mbili kwa uchungu. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mistari ambayo mimi sikuwahi kuisoma.

Hapa niliokota shule ya bure. Kwenye ile karatasi kuna vipimo vitatu vya maana. Too ni jinsi magurudumu ya mbele yanavyotazama, kama miguu ya mtu: vidole kwa ndani au kwa nje. Kemba ni tairi kulala, juu yake kuingia ndani au kutoka nje ukilitazama kwa mbele. Kasta ni mwinamo wa ule mhimili ambao gurudumu hugeukia, ukiutazama kutoka ubavuni. Gari likivuta kwa sababu ya alaimenti, mara nyingi ni kemba au kasta ya kushoto imetofautiana na ya kulia. Too ikiharibika, usukani unakaa upande na tairi linalika haraka, lakini kuvuta ni nadra. Na kwenye gari kama IST, ile "alaimenti ya kompyuta" tunayolipia ni kulegeza nati za tairodi na kurekebisha too basi. Kemba na kasta kompyuta inazisoma tu, hakuna anayezigusa.

"Kemba zako zinalingana, kasta zinalingana," mzee akasema. "Hata kabla hawajashika chochote zilikuwa zinalingana. Hapa hakuna cha kuvuta gari."

Yaani majibu ya kipimo nilikuwa natembea nayo kwenye dashibodi miezi miwili.

Tukabadilisha matairi ya mbele, la kushoto likaenda kulia na la kulia kushoto. Kuna matairi yanavuta yenyewe kwa jinsi yalivyoundwa au yalivyolika, hata kama kwa macho ni mazima. Ukiyabadilisha na gari likahamia kuvuta upande wa pili, mchawi umemshika. (Angalia kwanza ubavuni, kama tairi lina mshale wa mwelekeo usilihamishe hivyohivyo na rimu yake.) Langu halikuhama. Likaendelea kushoto, ingawa kidogo nafuu kwa sababu ya upepo.

Baada ya hapo tukatoka, mzee kwenye usukani. Tukaingia Barabara ya Mandela kwenye foleni, breki, achia, breki, achia, kama nusu saa hivi. Likaanza. Wakati wa kurudi aliliacha lipunguze mwendo lenyewe, akaegesha bila kukanyaga breki kwa nguvu. Akasogeza kiganja karibu na rimu ya kulia: vuguvugu. Akaniita niweke wangu karibu na ya kushoto. Sikufika nao karibu. Joto lilikuwa linanipiga kama la jiko la mkaa, na ile harufu niliyoisingizia lori ilikuwa inatoka mle. Kijana akadondosha matone mawili ya maji kwenye rimu, yakalia chwaa na kupotea.

Wakapandisha jeki. Gurudumu la kulia ukilisukuma kwa mkono linazunguka mara kadhaa ndiyo linasimama. La kushoto likaenda nusu mzunguko likagoma.

Kalipa, kile chuma kinachoshika pedi za breki, kwenye gari hili huteleza juu ya pini mbili. Ukikanyaga breki, pedi zinalibana diski, lile sahani la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Ukiachia, kalipa inatakiwa irudi kwa kuteleza kwenye pini hizo. Mpira wa pini moja ya kushoto ulikuwa umechanika, maji yakaingia, pini ikashika kutu. Nadhani ni siku ile nilipojitia ushujaa kuyakatiza maji pale Jangwani. Kwa hiyo nikikanyaga breki ilikuwa inabana, nikiachia inabaki imebana nusunusu. Likipoa usiku, asubuhi gari linatembea vizuri. Foleni ikianza na breki zikipata joto, basi, kuvuta kunaanza. Pedi ya ndani ilikuwa imebaki unene wa ukucha, na diski imeingia rangi ya bluubluu. Mzee akasema ningeendelea hivyo, iko siku mafuta ya breki yangechemka na pedali ya breki ingezama mpaka chini. Hilo sikulipenda kulisikia, hasa nikikumbuka ule mteremko wa Kimara.

Kazi yenyewe haikuchukua saa moja na nusu. Pini ikang'olewa kwa shida, ikapigwa msasa mpaka ikang'aa, ikawekwa mpira mpya na grisi maalumu ya breki. Kijana alikuwa ameshika kopo la grisi ya kawaida, mzee akamfokea: ile huvimbisha mpira, baada ya muda pini inakwama upya. Pedi mpya zikawekwa pande zote mbili, maana ukibadilisha upande mmoja unajitengenezea ugonjwa mwingine. Upande wa kulia nao wakausafisha. Pedi 45,000, mipira na grisi 12,000, ufundi 25,000. Kwa kuuliza maswali na kupima hakunidai kitu.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa naachia usukani kidogo na kuushika tena, kama mtoto. Bado gari huelekea kushoto kwa mbali sana, nikapiga simu nikilalamika. Mzee akacheka. Barabara zetu huinama kuelekea pembeni ili maji ya mvua yatoke, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, kila gari lina kamteremko hako. Nenda kwenye uwanja tambarare, akasema, ujaribu. Nikajaribu kwenye kiwanja cha kanisa Jumamosi asubuhi. Limenyooka.

Wiki iliyofuata nikafanya alaimenti ya tatu, gereji nyingine, 30,000, safari hii kwa ajili ya usukani uliokaa upande. Hawa waliufunga usukani ukiwa umenyooka kabla ya kuanza kupima, kitu ambacho sikukiona kule kwa kwanza, na wakanitembeza na gari kabla sijalipa. Niliwapenda.

Kwa hiyo nikipewa nafasi ya kutoa alama: gereji ya sofa, kahawa nzuri. Ya pili, siwarudii. Ile ya alaimenti ya tatu, nitarudi kwa alaimenti tu. Mzee wa Tabata kwa ufundi nampa zote, ila risiti hana, na aliacha alama ya grisi kwenye kiti changu ambayo imegoma sabuni zote. Kuhusu muda ndiyo usiseme. Juzi nilipeleka gari kwa shokapu za nyuma, akaniambia saa mbili kamili. Saa tano ndiyo namwona anatokea taratibu na chupa yake ya chai. Nilikuwa chini ya mwarobaini, safari hii nimebeba kiti changu.