Postikadi za zamani: Angkor au Shwedagon?

Anayeanza kukusanya, namshauri kadi za Angkor, mahekalu ya kale ya Kambodia, za Pierre Dieulefils, mpiga picha Mfaransa wa Hanoi. Kadi zake nyingi hazina rangi, lakini jiwe halihitaji rangi: michongo, nyufa na mizizi iliyokumbatia kuta vinaonekana wazi. Eneo lenyewe lilikuwa chini ya Siam (Thailand ya leo) hadi 1907, kwa hiyo maelezo yaliyochapwa kwenye kadi nayo ni historia. Yasome!

Shwedagon, pagoda ya Kibuddha ya Rangoon (Yangon ya leo, Myanmar), imefunikwa kwa dhahabu, na bila rangi hupoteza nusu ya uzuri wake. Hapo kadi za D. A. Ahuja wa Rangoon zinashinda, ingawa rangi zilitiwa baadaye, si ushahidi wa rangi halisi.

Zote mbili, geuza nyuma kwanza. Uingereza iliruhusu ujumbe upande wa anwani mwaka 1902, na mstari ukatenganisha viwili hivyo. Mgongo usiogawanywa kwa mstari huashiria kadi ya mapema.