Uzoefu wangu: Toyota Corolla KE70 yenye injini ya 4A-GE, baada ya kuimaliza

Kwa anayetaka jibu la haraka: injini naipa nyota tano, seti ya maunting (vishikizo vya injini) nyota nne, waya za kuunganishia nyota mbili, tena kwa huruma. Anayefikiria kuanza mradi kama huu wa kuweka injini nyingine kwenye gari la zamani aendelee kusoma, maana nyota hazisemi kazi imekaa wapi.

Gari ni Corolla KE70 ya 1982, milango minne, iliyotoka kiwandani na 4K. Hiyo ni injini ya 1290 cc, ya kabureta, kamshafti yake imo ndani ya bloku na valvu zinasukumwa kwa fito. Ni ngumu na haina madeko, ila jaza watu wanne na mizigo halafu upande mlima, utajua ilitengenezwa kwa subira. Nafasi yake imechukuliwa na 4A-GE ya valvu 16, ya kizazi cha kwanza, ile yenye maandishi ya bluu juu ya kava.

Kwa nini hiyo? 4A-GE ilitoka 1983, hedi yake ya kamshafti mbili ikiwa imeundwa kwa mkono wa Yamaha. Ina 1587 cc, silinda za milimita 81 na mwendo wa pistoni wa milimita 77. La muhimu zaidi kwangu ni kwamba kwenye AE86, Corolla ya kizazi kilichofuata, ilikaa kwa urefu na kusukuma magurudumu ya nyuma, na AE86 ilirithi mengi kutoka kizazi cha KE70. Ya valvu 20 inavutia kwenye makaratasi, lakini ilitengenezwa kwa magari ya kuvuta mbele: disitribyuta yake (kigawa moto wa plagi) imetokea nyuma ya hedi, na ukiigeuza injini ikae kwa urefu inagonga bati linalotenganisha injini na abiria. Inabidi uihamishe au utafute mfumo mwingine wa moto, kisha upange upya njia za maji. Wapo wanaofanya, na matokeo ni mazuri. Mimi nilitaka gari la kuendesha.

Nilinunua seti nzima kutoka gari moja: injini, gia boksi ya T50, flaiwili, klachi, kompyuta, sensa ya hewa, na waya ambazo hazijakatwa. Kama kuna ushauri mmoja nitakaoung'ang'ania, ni huo. Injini tupu ni rahisi kuipata na inaonekana kama bei ya bure, mpaka uanze kuwinda kimoja kimoja: bano la altaneta, soketi ya sensa ya joto, kipande cha bomba la maji ambacho hakuna anayekiuza peke yake.

Hata hivyo sikuifunga kama ilivyokuja. Niliifungua yote: ringi, beringi, sili za oili, pampu ya maji, mkanda wa taiming na gasketi ya hedi. Karakana iliyonichongea hedi ilifanya kazi safi, na nilipenda kwamba walipima kwanza ndipo wakakata. Boliti za hedi ya injini hii zinakazwa kwa hatua: Nm 29, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 nyingine. Fundi akikwambia anakaza kwa hisia za mkono, mshukuru, chukua spana ya toki uifanye mwenyewe. Nafasi za valvu zilikula muda mrefu kuliko nilivyodhani. Injini ikiwa baridi, za kuingiza hewa zinatakiwa milimita 0.15 hadi 0.25, za kutolea moshi 0.20 hadi 0.30, na marekebisho ni ya kubadilisha shimu, kibati cha unene maalumu, juu ya kila kikombe cha valvu. Unapima, unaandika, unapiga hesabu, unaagiza shimu, unapima tena. Kazi ya kuchosha, na ndiyo iliyofanya injini isikike imetulia ikiwa haina mzigo.

Bodi nilimaliza kabla ya injini kuingia, na sioni mpangilio mwingine wenye akili. Kutu lilikuwa limejificha chini ya kioo cha mbele, ndani ya vizingiti vya milango na kwenye shimo la tairi la akiba. Puti juu ya kutu ni kuahirisha tu; bati lililooza likatwe hadi ufikie chuma kizima, kisha lichomelewe kwa nukta fupi fupi ukihamahama, la sivyo joto linalipinda. Ndani ya vizingiti tulipulizia nta ya kuzuia kutu baada ya rangi. Chumba cha injini kikiwa kitupu kinapakwa rangi vizuri. Kikishajaa, unabaki kupaka pale mkono unapofika.

Seti ya maunting ilikuja tayari imekatwa, na matundu yake yalikubaliana na krosimemba ya asili. Nyota imepungua kwa sababu raba zake ni ngumu mno, usukani unatetemeka gari likiwa limesimama na gia haijawekwa. Ukianza kutembea hali hiyo inaisha. Propela shafti ilibidi ikatwe na kubalansiwa, jambo ambalo mtu asijaribu kulifanya kwa kukadiria.

Sasa waya. Pamoja na seti niliyonunua, niliagiza pia mkono wa waya, yaani fungu zima la waya za injini, uliotengenezwa mahsusi kwa kuhamisha injini hii, nikitegemea nitaondokana na usumbufu wa kuchambua waya za zamani. Tangazo lilisema chomeka, washa, ondoka. Muuzaji simtaji, lakini bidhaa naieleza kama nilivyoipokea. Rangi za waya hazikufuata mchoro wowote. Waya wa pampu ya petroli ulikuwa mwembamba kuliko wa taa ya ndani. Baya zaidi, pampu iliunganishwa moja kwa moja na swichi ya ufunguo. Kwenye mfumo wa Toyota wenye sensa ya hewa ya kijilango, kijilango hicho kinapofunguliwa na hewa ndipo kinapofunga swichi inayoruhusu pampu kuendelea kufanya kazi. Injini ikizima, pampu inazima. Ukiiruka hatua hiyo, gari likigonga na bomba likakatika, pampu inaendelea kumwaga petroli kwa sababu tu ufunguo upo kwenye ON. Nilimwandikia muuzaji, akajibu kwamba wateja wengine hawajalalamika.

Nikarudi kwenye waya za kiwandani. Nilizitandaza mezani na mchoro pembeni, nikaondoa zisizohitajika, nikaacha rilei na fyuzi za asili, nikafunga upya kwa tepu ya kitambaa. Waya za ethi za kwenda bodi ziliongezwa: mmoja kutoka bloku, mwingine kutoka hedi. Uzuri wa kompyuta ya zamani ni kwamba haihitaji kifaa cha kuisoma. Unaunganisha T na E1 kwenye soketi ya ukaguzi, taa ya injini inapepesa namba za makosa, na unapopanga taiming kwa taa, muunganisho huohuo ndio unaokupa nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Injini iliwaka bila usumbufu, na tangu hapo sijagusa kitu upande huo.

Upande wa petroli, pampu ya mkono wa kamshafti ya 4K haiwezi kulisha injekta hata kidogo, na tangi la kabureta halina kizuizi kizuri cha kuzuia petroli kukimbilia pembeni kwenye kona. Nimeweka pampu ndogo inayojaza chupa ya akiba, halafu ya presha inayovuta kutoka hapo, pamoja na bomba la kurudisha. Mipira yote ni ya presha ya injekta. Ile ya kabureta iliyozoeleka haifai hapa hata kama inaenea. Rejeta ni pana zaidi na feni ni ya umeme. Breki za mbele nimebadilisha, kwa sababu ambayo mtu yeyote ataielewa akikanyaga pedali za asili akiwa kwenye mwendo mpya.

Barabarani? Kwenye mzunguko wa chini injini ni pole, karibu kukuudhi. Manifoldi ya kizazi hiki ina T-VIS: kila silinda ina njia mbili za hewa, na moja hufungwa mpaka mzunguko ufike takriban 4,350 kwa dakika. Hapo inafunguka, sauti inabadilika, na gari lililokuwa likienda kwa adabu linaanza kukimbia kwa hamu. Gia za T50 zinaingia kwa mkato mzuri. Gia ya tano ni 0.861, hivyo safari ndefu haziwi za kelele tupu. Uzito wa gari ni mdogo kiasi kwamba huhitaji namba kubwa za nguvu za farasi kufurahi.

Anayetaka kasi kwa gharama ndogo anunue gari lililotoka kiwandani likiwa na kasi. Mwenye KE70 anayoipenda, mwenye mahali pa kuiacha ikiwa imefunguliwa na asiyetegemea gari hilo kwenda kazini, seti hii naipendekeza bila kusita, ila mkono wa waya aupite.

Difu sijaipa nyota. Bado ni ileile ndogo iliyoundwa kwa ajili ya 4K, inalia kidogo ninapoachia mafuta kwenye mwendo wa juu, na siondoki nayo kwa fujo kwenye gia ya kwanza. Ekseli ya nyuma ya AE86 naitafuta sasa, na ikipatikana nitaiandika hapa na vipimo vyake.