Kadi ya mkopo baada ya kufilisika Marekani: ada ya mwaka ipi ulipe, ipi uikimbie

Mahakama ikishakufutia madeni, sanduku la barua huanza kujaa upya. Safari hii si wadai, ni kampuni za kadi zikikuambia umeshakubaliwa. Usishangae wamekujuaje. Kesi za kufilisika Marekani ni kumbukumbu za wazi, na wanaouza kadi wanajua pia kwamba aliyefutiwa madeni kwa Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika (ile inayofuta madeni bila mpango wa kuyalipa) hawezi kufutiwa tena kwa sura hiyohiyo mpaka ipite miaka 8 tangu alipofungua kesi ya kwanza. Kwao wewe ni mteja mzuri: huna deni, na huna pa kukimbilia.

Nyingi kati ya kadi hizo zina ada ya mwaka, na zinauzwa kana kwamba ada ndiyo bei ya kujenga upya jina lako. Sivyo. Alama za FICO, ambazo wakopeshaji hupimia uaminifu wako wa kulipa na zinazoanzia 300 hadi 850, huangalia zaidi kama unalipa kwa wakati (35%) na unadaiwa kiasi gani, hasa ukilinganisha na kikomo chako, yaani kiasi cha juu unachoruhusiwa kukopa (30%). Hakuna mahali zinapouliza kadi ilikugharimu nini. Kadi ya bure na kadi ya dola 99 zikilipwa vizuri huonekana sawasawa kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza ripoti za mikopo. Ndiyo maana kadi za hapa chini nimezipanga, kuanzia bora hadi mbaya, kwa kigezo kimoja tu: pesa ngapi zinakutoka bila kurudi.

Kabla ya kuomba chochote, hakikisha kesi imefika mahali pake. Wa Sura ya 7 asubiri amri ya kufutiwa madeni itoke. Wa Sura ya 13, ambaye bado analipa kwa mpango wa mahakama, asiguse mkopo mpya bila ruhusa ya mahakama au msimamizi wa kesi. Kisha chukua ripoti zako za mikopo bure kwenye AnnualCreditReport.com uone kama madeni yaliyofutwa yanasomeka sifuri. Likibaki hata moja linalosomeka kama bado unadaiwa, andika malalamiko kwanza, kadi baadaye.

1. Kadi ya dhamana isiyo na ada

Hii ndiyo ya kwanza kuijaribu, na watu wengi hawatahitaji kutafuta nyingine. Unaweka amana, mara nyingi dola 200, na kiasi hicho kinakuwa kikomo chako. Amana ni mali yako: ukifunga akaunti bila deni, au wakikupandisha kwenye kadi ya kawaida, inarudi. Ada hairudi.

Capital One wana Platinum Secured isiyo na ada, na baadhi ya waombaji huruhusiwa kuweka dola 49 au 99 tu wakapewa kikomo cha dola 200. Discover it Secured nayo haikuwa na ada, amana ilianzia dola 200, na ilijulikana kwa kuanza kuzipitia akaunti zikifikisha miezi 7 kuona nani arudishiwe amana yake. Kama benki ilikuwa kwenye orodha ya uliowaachia hasara, anza na nyingine. Wadai wengine wana kumbukumbu ndefu kuliko ripoti.

Usivisahau vyama vya akiba na mikopo. Vile vilivyosajiliwa na serikali ya shirikisho haviruhusiwi kutoza riba ya kadi inayozidi 18%, ilhali kadi nyingi za watu wenye alama za chini huvuka kiwango hicho kwa mbali. Popote utakapoomba, uliza mambo mawili: je, wanaripoti kwa kampuni zote tatu? Je, kuna njia ya kupanda kwenda kadi isiyo ya dhamana? Jibu la pili likiwa hapana, utakuja kulazimika kuifunga.

2. Kadi ya dhamana yenye ada ndogo

OpenSky ya dola 35 kwa mwaka ni mfano unaojulikana. Wanachokuuzia ni kutokagua ripoti yako. Ukikataliwa kwenye namba 1, hiyo ni thamani ya kweli, na dola 35 si pesa ya kulilia. Ila ichukulie kama kodi ya chumba cha mwaka mmoja. Siku kadi inapofika, andika kwenye simu tarehe ya miezi 10 mbele: "omba kadi ya bure".

3. Kadi isiyo na dhamana yenye ada ya dola 75 hadi 99

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini ajabu ni kwamba wengi hushtukia amana kuliko ada. Wanaona dola 200 za dhamana ni nyingi, wanakubali kadi "isiyodai chochote". Sasa iangalie taarifa ya kwanza ya mwezi. Kikomo dola 300. Hujanunua hata kiberiti. Salio unalodaiwa: dola 75. Umeanza safari ukiwa umeshatumia robo ya kikomo, na ukiichelewesha, riba inaikuta hiyo ada kama deni lingine lolote.

Robo hiyo haikuja kwa bahati. Sheria ya kadi ya mwaka 2009 imeweka ukomo wa ada za mwaka wa kwanza kuwa 25% ya kikomo cha kuanzia, na baadhi ya kampuni hupiga hesabu mpaka ukingoni. Mwaka wa pili ukomo huo haupo, na hapo ndipo ada ya kila mwezi inapoweza kujitokeza. Soma jedwali la ada kwenye mkataba, mstari wa "baada ya mwaka wa kwanza".

4. Kadi inayotaka ulipe kabla haijafunguliwa

Hapana. Tangu kanuni ya sheria hiyo ya kadi iliporekebishwa mwaka 2013, ada ya kushughulikia maombi inayolipwa kabla ya akaunti kufunguliwa haihesabiwi kwenye ile 25%. Yaani kampuni inakukata mara mbili kihalali.

Kama tayari unayo kadi ya ada

Usiifunge kwa hasira. Fungua ya bure kwanza, kwa sababu kikomo kikipungua ghafla, salio la kadi nyingine huonekana kubwa. Kampuni inatakiwa kukuarifu kabla ya kutoza ada ya kuhuisha, na taarifa hiyo ieleze namna na muda wa kuikataa. Mara nyingi iko ndani ya bili, kwa maandishi madogo. Ukiiona, piga simu: "Ada ya mwaka inakaribia. Mnaweza kuifuta? Kama hapana, mnaweza kunihamishia kwenye kadi yenu isiyo na ada bila kufungua akaunti mpya?" Kuhamishwa ndiko bora, maana umri wa akaunti kwa kawaida unabaki. Wakikataa yote, lipa salio, funga. Akaunti iliyofungwa ikiwa safi inaweza kubaki kwenye ripoti hadi miaka 10.

Hatari kubwa ni kadi uliyoiweka kabatini. Huitumii, huangalii bili, ada inaingia kimya. Siku 30 zikipita baada ya tarehe ya mwisho ya kulipa, kampuni inaweza kukuripoti kuwa umechelewa, na doa hilo hukaa miaka 7, kwa sababu ya dola 35. Weka malipo ya moja kwa moja ya salio lote, hata kwa kadi usiyoigusa.

Baada ya kufunga kadi ya dhamana, subiri taarifa inayosoma sifuri, na hakikisha anwani yako waliyonayo ni ya unakoishi sasa. Hundi ya amana huchukua wiki kadhaa, na wengi huwa wameshahama.