Tahadhari kwa wanaotafuta Honda CG125 za zamani hapa Malindi

Ndugu zangu mnaopenda pikipiki za zamani, naandika haya ili asije mwingine akanaswa kama nilivyonaswa mimi mwezi uliopita, kwa kuwa muuzaji mwenyewe bado yupo mjini na nimeambiwa anatafuta wateja wa pikipiki nyingine mbili.

Aliniuzia kwa shilingi 95,000 pikipiki aliyodai kuwa ni Honda CG125 ya mwaka 1977, yenye injini yake ya kiwandani. Marehemu baba alikuwa na ya aina hiyo, akienda nayo Mambrui na kurudi, nami nilitaka kuifufua uani kwa mikono yangu mwenyewe. Rangi ilikuwa inang'aa na injini iliwaka kwa teke la kwanza, basi nikalipa.

Siku ya tatu nilifungua kichwa cha silinda ili nibadilishe gasketi, na kalipa, kile kifaa cha kupimia, ikanionyesha kipenyo cha silinda cha milimita 62. CG125, ambayo Honda ilianza kuitoa mwaka 1976, ina pistoni ya milimita 56.5. Hiyo 62 ni ya injini za bodaboda zenye ujazo wa cc 150 zinazoundwa Uchina kwa kufuata muundo uleule wa CG, na ndiyo sababu hupachikwa kwenye fremu ya zamani bila fundi kuhangaika sana. Injini hizo si mbaya na vipuri vyake vimejaa madukani, lakini mimi nilitozwa bei ya kitu kingine kabisa. Upande wa umeme nao nilikuta CDI, yaani kiwashio cha kielektroniki, na betri ya volti 12, ilhali CG za miaka ile zilitumia platini, kiwashio cha zamani kinachofunguka na kufunga, na volti 6.

Lililoninyima usingizi ni namba ya fremu. Nilipoondoa rangi kwa msasa kwenye shingo ya usukani, niliona tarakimu mbili za mwisho zimekaa chini kidogo kuliko nyingine, na penye mikwaruzo ya tupa tarakimu ya awali bado inaonekana kama kivuli. Pikipiki iliyochezewa namba huenda ni ya wizi, na atakayeulizwa ni yule atakayekutwa nayo. Logbuku, hati ya usajili wa pikipiki, niliahidiwa ya kesho, na hadi leo simu zangu hazipokelewi. Nimekwisha kuandikisha taarifa polisi.

Kwa hiyo, atakayeonyeshwa pikipiki ya namna hii asitoe hata arubuni kabla ya kuishika logbuku, kulinganisha namba za fremu na za injini kwa macho yake, na kuhakikisha katika kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili vyombo vya moto, kwamba anayeuza ndiye mwenye mali. Injini ikiwa imebadilishwa, mabadiliko hayo yawe yameandikishwa. Abebe pia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa aipitishe kwenye tangi, kwa sababu chumvi ya huku pwani hula mabati na wajanja huziba matundu kwa puti, ambayo sumaku haiishiki. Kwenye tangi langu sumaku ilianguka mara mbili, upande wa chini karibu na koki ya petroli.

Fremu sijaigusa tena, kwa kuwa ni ushahidi. Anayetaka kuziona namba hizo kwa karibu kabla ya kununua ya kwake, anakaribishwa nyumbani jioni yoyote baada ya alasiri.